Mratibu Si Dalali wa Mlango Wangu



Mfunguo mosi umeingia, kadi za harusi zimejaa mezani, na najua wengi wenu mnasubiri habari za hina, piko na mapambo ya chumba cha biarusi. Zitakuja, in shaa Allah. Leo nina neno jengine, na nalisema hasa kwa nyie mnaoolewa mkapanda boti na kisha basi kuwafuata waume zenu bara. Mume akiwa mwalimu, daktari, askari au mfanyabiashara, leo uko Michenzani kwa mama yako, mwezi ujao uko Songea, Mbinga au Mbamba Bay na masanduku yako mawili, na jirani humjui jina.

Huko utakutana na mtu ambaye somo wako hakukufundisha habari zake. Atabisha hodi, kitambulisho shingoni, daftari au simu mkononi. Watu watakwambia, "Huyo mratibu." Cheo chake hasa kinaweza kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mratibu wa huduma za majumbani wa kata, au mratibu wa utafiti fulani. Kijijini wote wanaitwa waratibu, na mara nyingi mtu mmoja hufanya kazi zote hizo. Atakuuliza umezaa mara ngapi, mnalala ndani ya chandarua au la, maji unachota wapi, mtoto alipimwa uzito lini. Na wewe uliyelelewa kuwa ya nyumbani hayatoki nje, utasimama mlangoni hujui umkaribishe au umfungie.

Ninachokisema ni hiki. Mratibu anayekuja kwa huduma ni neema. Lakini mratibu akigeuzwa dalali, akawafungulia watafiti milango ya wanawake kwa sababu tu wanawake hao wanamwamini, hiyo ni dhulma. Na waliomgeuza hivyo wamemdhulumu yeye kabla hawajatudhulumu sisi.

Yaliyonikuta

Nimeishi miaka kadhaa katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Ruvuma. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na mpaka leo wazee wa pale wakisema "tunakwenda wilayani" wengine bado wanamaanisha Mbinga mjini, juu milimani kwenye kahawa. Chini ziwani kuna joto kama la kwetu. Usiku taa za wavuvi wa usipa zinawaka majini mpaka unadhani umesimama Forodhani. Nilipapenda haraka.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi mitatu. Ilikuwa usiku, mvua inanyesha, mume wangu yuko safarini. Jirani alikimbia kumwita mratibu wetu, mama wa makamo, Mkristo, aliyekuwa akinitembelea tangu niliposema nimekosa siku zangu. Alikuja amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Aliponiona tu akapiga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ule unaotafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii ampeleke mama mjamzito au mtoto mchanga hospitali. Gari lilikuja. Tulikwenda naye, akanishika mkono njia nzima. Kama si mama yule, huenda haya nisingekuwa naandika.

Mimi na mume wangu tuliamua jambo lile libaki letu. Mavyaa wangu, aliyekuwa Unguja, hatukumwambia. Ni mtu wa presha, na alikuwa amemzika ndugu yake wiki chache nyuma. Walioijua siri ile walikuwa mimi, mume wangu, jirani yangu na mratibu.

Mwaka uliofuata Allah akaturuzuku mtoto wa kiume. Mavyaa akafunga safari kutoka Unguja kuja kuniuguza arubaini. Siku moja asubuhi nikasikia hodi ya mratibu. Sauti yake naijua, nikasema karibu bila kutoka. Nilidhani amekuja kumtazama mtoto. Akaingia na vijana wawili, wa kike na wa kiume, wana kishikwambi. Akasema, "Mama, hawa wageni wangu, wana maswali kidogo." Nikawakaribisha mkekani, maana wageni wake ni wageni wangu.

Maswali yalianza vizuri. Umri, elimu, choo cha aina gani. Kisha yule kijana wa kiume, macho kwenye kishikwambi, akauliza, "Mimba ngapi zimewahi kuharibika?" Mavyaa yuko pale pale, amempakata mjukuu wake. Nikajibu, "Hakuna." Kijana akanyanyua uso, akamgeukia mratibu. "Si ulituambia huyu alipoteza ya kwanza?"

Mratibu akatazama chini.

Mavyaa hakusema kitu. Akamweka mtoto taratibu kitandani, akatoka nje. Alikaa siku tatu ananijibu kwa neno moja moja. Siku ya nne akaniuliza, "Kwani mimi si mama yako?" Nikalia, naye akalia. Alhamdulillah, yalikwisha. Lakini nimeona ndoa za wenzangu zikitetemeka kwa mambo madogo kuliko hilo, na kila nikikumbuka nasema, lau mavyaa wangu angekuwa mwanamke wa aina nyengine?

Walipomaliza, wakanipa karatasi. "Tia saini hapa dada, ni utaratibu tu." Ilikuwa fomu ya ridhaa. Fomu ya kukubali kuulizwa, nimepewa baada ya kuulizwa.

Jawabu si kufunga mlango

Nilipowahadithia mashoga zangu wa Unguja, wengi walisema neno moja: "Sie tungewafungia mlango." Mmoja akaongeza kuwa mumewe hataki mtu wa madaftari nyumbani kwake, na kwamba waratibu ni wapelelezi tu. Hasira yao naielewa. Lakini hapa siko pamoja nao, na hebu mnisikilize kwa nini.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulikadiria kuwa Tanzania ilikuwa inapoteza akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Mnajua namba hizo zinapatikanaje? Wanawake walitembelewa majumbani, Bara na Visiwani, wakaulizwa habari za ndugu zao wa tumbo moja: dada zako wangapi wako hai, wangapi wamefariki, na aliyefariki alikuwa mjamzito, alikuwa anajifungua, au ndio kwanza ametoka kujifungua? Yaani hesabu ya vifo vya uzazi vya nchi nzima imejengwa juu ya midomo ya dada wa marehemu. Lau wote wangefunga milango, marehemu wale wasingehesabiwa, na asiyehesabiwa hatengewi fedha wala dawa wala gari.

Tizameni pia watoto. Utafiti huo wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, maghala yake yanalisha mikoa mingine, na mwambaoni kuna samaki. Na bado udumavu upo. Mwenye shamba kubwa hawezi kulijua hilo kwa kutazama ghala lake. Inatakiwa mtu aingie ndani, ampime mtoto urefu, aulize mtoto amekula nini jana, na mama alikuwa shambani saa ngapi. Ghala halisemi nani amekula.

Kwa hiyo anayewaambia wanawake wa Kiislamu wafunge milango anawaambia wabaki gizani, halafu kesho tulalamike kuwa vijiji vyetu vimesahauliwa. Mlango ufunguliwe. Ugomvi wangu ni juu ya nani anaufungua, kwa ruhusa ya nani, na kwa ajili ya kazi ipi.

Kofia mbili, kichwa kimoja

Mratibu wangu hakuwa mwanamke mbaya. Kosa ni kwamba alivishwa kofia mbili na hakuna aliyemfundisha kuvua moja kabla ya kuvaa nyengine.

Kofia ya kwanza ni ya huduma. Anapima mtoto, anakumbusha kliniki, anamshawishi mume asiyetaka mkewe ajifungulie hospitali, anapiga 115. Kwa kazi hiyo anahitaji kujua siri zako, na wewe unampa kwa sababu unataka msaada. Kofia ya pili ni ya utafiti. Hapo anayehitaji ni mtafiti, na anayesaidia ni wewe. Mambo yamegeuka kabisa. Katika huduma una haja naye. Katika utafiti yeye ndiye mwenye haja nawe, na una haki ya kusema hapana bila kutoa sababu.

Sasa niambieni, mwanamke gani wa kijijini atasema hapana kwa mtu aliyemshika mkono akivuja damu? Nani atamkatalia anayeandika majina ya watakaopata vyandarua? Hata kama mratibu hakutishia, hata kama moyo wake ni mweupe, mwanamke anapiga hesabu mwenyewe: nikimkatalia leo, mtoto akiugua usiku atakuja? Anasema ndiyo kwa khofu. Ridhaa ya khofu si ridhaa. Sie tunaolijua suala la ridhaa ya biarusi mbele ya kadhi tunalielewa hilo vizuri. Biarusi aliyenyamaza kwa haya ni tofauti na aliyenyamazishwa, na walii mwema anajua kutofautisha.

Na watafiti wasidhani hasara ni yetu peke yetu. Mimi nilisema "hakuna". Lau mratibu asingekuwepo kunisuta, jibu hilo la uongo lingeingia kwenye kishikwambi, likajumlishwa na mengine, likasomwa Dodoma kama ukweli. Mwanamke akiulizwa mbele ya mavyaa atajibu la kumridhisha mavyaa. Akiulizwa mbele ya mume atajibu la mume. Asiyelinda siri ya anayemuuliza anakusanya uongo na kuuita takwimu.

Hodi tumefundishwa zamani

Jambo hili halihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo aje atufundishe. Sura An-Nur, aya ya 27 na 28, imetupa adabu yake: usiingie nyumba isiyo yako mpaka uombe ruhusa na uwasalimie wenyewe, na ukiambiwa rudi, rudi, kwani hilo ni safi zaidi kwako. Sunna imetuwekea idadi, hodi mara tatu, usipojibiwa uondoke.

Hodi haina maana ya kugonga ubao tu. Unapobisha hodi unajitambulisha wewe ni nani na umefuata nini. Mtu akibisha kwa sauti ya muuguzi na akaingia na kazi ya mtafiti, hodi yake ina kasoro. Nilimkaribisha mratibu aliyekuja kumtazama mwanangu. Yule wa kishikwambi sikumkaribisha.

Na sie wanawake wa visiwani tunamjua tayari mtu anayeruhusiwa kuingia ndani kabisa akatoka na mdomo umefungwa. Ni somo. Somo anaingia chumba cha biarusi, anajua mwili wake, anajua khofu yake, anajua yaliyopita usiku wa kwanza. Je, mmewahi kumsikia somo wa heshima akikaa barazani kuhadithia? Akifanya hivyo mara moja tu, hakuna mama atakayempa binti yake tena. Heshima yake yote iko katika kunyamaza kwake. Mratibu naye anastahili heshima hiyo, na anastahili kudaiwa amana hiyo hiyo.

Hata sheria imefika hapo. Kule bara, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Utafiti wa afya hauanzi mpaka upate kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kwa hiyo karatasi zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuisimamia karatasi hiyo pale mlangoni, na mtu huyo alitakiwa awe mratibu.

Kumlaumu bila kumlipa

Hapa lazima niwe mwadilifu. Kwa nini mama yule alikubali kuwaleta vijana wale kwangu? Baada ya miezi nilimuuliza. Alinijibu kwamba kazi ya kututembelea alikuwa akiifanya kwa kujitolea, na wageni wa utafiti wanapokuja ndipo anapopata posho ya siku. "Mwanangu," aliniambia, "hiyo ndiyo inayonunua daftari za watoto."

Hapo hasira yangu ikahama mahali. Tumempa mwanamke roho za kijiji kizima bila ujira, kisha tukamletea mgeni mwenye bahasha, kisha tunashangaa amemfuata mgeni. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, ametuhimiza mfanya kazi apewe ujira wake jasho lake halijakauka. Huyu jasho lake limekauka miaka mingi.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, wakapewa mafunzo ya miezi sita na kulipwa. Nauunga mkono kwa mikono miwili. Kwetu Zanzibar nako tuna Jamii ni Afya, na wahudumu wake wa kujitolea wanapita shehia kwa shehia na simu zenye programu. Lakini mpango wowote utakaompa mhudumu simu na fulana bila ujira wa kueleweka utatuletea dalali mwengine. Mwenye kulipwa kwa huduma anaweza kumwambia mtafiti hapana. Mwenye njaa hawezi.

Utafiti wenye adabu upo

Msije mkadhani nawachukia watafiti. Pale pale Mbinga kuna mfano wa kujivunia. Wamatengo wana kilimo chao cha ngolo, mashimo yanayopangwa mlimani kama sega la nyuki, yakazuia udongo usichukuliwe na mvua. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, na wanawake ndio wanaochimba na kuzifukia kwa udongo. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na Wajapani kutoka Chuo Kikuu cha Kyoto kwa msaada wa JICA, walikaa na watu wale. Mwaka 1999 ukaanzishwa pale SUA kituo cha maendeleo endelevu ya vijijini, na kijijini Kindimba kazi ile ikaendelea mpaka wanakijiji wakapata mashine ya kusaga inayokwenda kwa nguvu ya maji.

Fikirini, dada zangu. Watu waliulizwa, na baadaye mwanamke akapunguziwa mzigo wa kubeba mahindi mbali. Na mashauri yao walijaribu kuyapitisha katika sengu, desturi ya Wamatengo ambapo jamaa hukutana, wakala pamoja na kujadili mambo yao. Walitafuta baraza lililokuwepo badala ya kuleta la kwao. Hiyo ni hodi iliyobishwa vizuri.

Mimi nilijibu maswali arubaini na zaidi. Mpaka naondoka kijiji kile hakuna aliyerudi kutuambia walichokigundua. Hata neno la asante halikurudi.

Ninayoyadai

Kwanza, mratibu akibisha hodi aseme leo amevaa kofia gani. "Leo nimekuja kwa huduma." Au, "Leo nimeleta watafiti, ukikataa huduma yako haipungui." Sentensi hiyo ya pili isemwe kwa sauti, si kuandikwa chini ya fomu kwa herufi za kuchosha macho.

Pili, siku ya huduma isiwe siku ya utafiti. Na siri iliyopatikana kwa huduma isimfikie mtafiti mpaka mwenyewe aruhusu.

Tatu, mratibu awe na mamlaka ya kusimamisha maswali. Akiona mavyaa yupo, mume yupo, wifi anachungulia dirishani, aseme, "Wageni, tutarudi." Mama yule angesema maneno hayo mawili, yangu yasingetokea. Lakini hakuna aliyemwambia kuwa anaruhusiwa.

Nne, mwanamke aulizwe na mwanamke mambo ya uzazi, wala asiachwe faragha na mwanamume asiye maharimu wake. Na mratibu ajue nani yuko katika eda, nani yuko katika arubaini, nani amefunga. Mwambao ule wengi ni Wakristo, na wametufaa sana. Hospitali ya Waanglikana ya Liuli na ile ya Wakatoliki ya Litembo zimewahudumia watu wa dini zote. Mratibu Mkristo asipoijua eda si kosa lake. Ni wajibu wetu kumweleza kwa upole.

Tano, ratiba ifuate maisha ya wanawake. Ziwani asubuhi mama yuko mchangani anaanika usipa waliovuliwa usiku. Milimani msimu wa kahawa na msimu wa kuchimba ngolo yuko shamba kutwa. Anayekuja saa nne asubuhi atawakuta wasichana wadogo na wazee, kisha ataandika kuwa "kaya haikutoa ushirikiano".

Sita, majibu yarudi. Yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili chepesi, kabla hayajasomwa kwengine kokote.

Na saba, alipwe.

Kwako biarusi

Mwanangu unayefungasha masanduku sasa hivi, nisikilize. Ukifika kwenye makazi yako mapya, wiki ya kwanza uliza mhudumu wa afya wa kitongoji ni nani. Usingoje mimba wala maradhi. Mpelekee kisahani cha kaimati au visheti, mjuane. Weka 115 kwenye simu yako na kwenye simu ya mumeo. Kisha kaa naye faragha umwambie wazi: "Mama, haya nakwambia kwa sababu ya afya yangu. Usimwambie mtu bila kuniuliza." Usione haya. Mwanamke mwenye akili atakuheshimu zaidi.

Siku akija na wageni, uliza mambo matatu kabla hujawakunjulia mkeka. Mmekuja kwa huduma au kwa utafiti? Kibali chenu kiko wapi? Nikikataa kitatokea nini? Fomu isomwe kwanza, saini ije kabla ya swali la kwanza. Na swali lolote usilolitaka, sema, "Hili silijibu." Hulazimiki kusema uongo kama nilivyosema mimi. Kunyamaza ni haki yako, na ni bora mbele ya Mola wako kuliko kudanganya.

Na mume wako mweleze mapema, ili asije akamfukuza kwa ukali mtu ambaye siku ya shida ndiye atakayekimbia kwenye mvua kwa ajili yako.

Mama yule nimemsamehe. Siku tunahama alikuja kutuaga, akanipa usipa wakavu wamefungwa vizuri kwenye gazeti, akambeba mwanangu mpaka kwenye gari. Aliniambia kwamba tangu siku ile, kila akipeleka wageni nyumba za watu, yeye anatangulia peke yake kwanza, anauliza kwa sauti ya chini mlangoni, kisha ndipo anawaita. Hakuna ofisi iliyomfundisha hilo.

Ndio maana naandika. Lililomuingia mwanamke mmoja mwambao wa Nyasa kwa aibu ya siku moja, liwe amri kwa waratibu wote, Bara na Visiwani, kabla siri ya mwanamke mwengine haijamwagwa mkekani mbele ya mavyaa wake.

Allah azihifadhi nyumba zetu, na awape ujira mwema wanaozilinda. Amin.

Wassalaam alaykum.